Tongoni: Mji Uliochimbwa Baharini



Ndugu msomaji, safari ninayokusudia kukusimulia ilianzia ndani ya msikiti wetu hapa Ngamiani, katika rakaa ya pili ya swala ya Alfajiri. Pande la lipu lenye ukubwa wa sinia lilibanduka katika ukuta wa kibla, likaanguka hatua mbili tu kutoka pale alipokuwa amesujudu imamu.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Lakini swala ilipomalizika hatukutawanyika. Tulikusanyika mbele ya ukuta ule, tukautazama kama watu wanaomtazama mgonjwa. Chini ya lipu ya saruji palionekana jiwe la kale, lenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, na juu yake utando wa chumvi nyeupe. Lipu hiyo tuliipiga miaka minne tu iliyopita, kwa fedha zilizochangwa na waumini, miongoni mwao akina mama wanaouza vitumbua asubuhi. Mimi, katibu, ndiye niliyeyaandika majina yao katika daftari la michango, na mimi ndiye niliyetia saini malipo ya fundi.

Kamati ilikutana usiku ule baada ya Isha. Mfadhili mmoja alikwisha kuahidi kutujengea ukuta mpya wa tofali na kuuvika marumaru, kwa sharti kwamba ule wa zamani ubomolewe na kazi iishe kabla ya Ramadhani. Vijana waliliunga mkono jambo hilo. Wazee walilikataa, wakisema ukuta ule umejengwa na mikono ya babu zetu. Maneno yalianza kupanda. Ndipo mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hukaa kimya katika vikao vyetu, akasema: "Mnabishana juu ya jiwe msilolijua. Katibu, nichukue Jumamosi, nikakuonyeshe." Marehemu baba yake alikuwa mchoma chokaa. Kamati ikaafiki, ikaniagiza nilete taarifa Alhamisi.

Jumamosi ilipofika tulitoka watatu: mzee, mimi, na mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka tisa, ambaye alisikia neno safari akakataa kubaki nyumbani. "Shikamoo babu," alimwamkia mzee. "Marahaba mjukuu wangu. Leo utakwenda kuona machimbo."

Mtu akitaja machimbo, fikra zetu hukimbilia Geita kwenye dhahabu, au Mererani kwenye tanzanite. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwambao wetu nao una machimbo, na kwamba yamekuwapo kwa mamia ya miaka. Wazee wetu walichimba jiwe. Kwa jiwe hilo walijenga nyumba, visima, makaburi na misikiti, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Hata jina la Tongoni lina habari yake, kwani tongo ni mahali palipohamwa, yaani mahame.

Mzee hakutaka twende Tongoni moja kwa moja. Alitaka kwanza tulione jiwe la leo, nasi tukapanda daladala ya kuelekea Pongwe, katika barabara ya Muheza. Huko ndiko kiliko kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1980, na machimbo ya mawe ya chokaa yanayokilisha. Tulisimama kando ya barabara, mbali na uzio, tukaangalia malori na vumbi. Mawe haya ni ndugu wa yale ya mapango ya Amboni, upande wa kaskazini wa jiji letu. Wataalamu wanasema yalijijenga chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita, kutokana na masalia ya viumbe wa baharini. Kiwandani husagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, yakachomwa kwa joto linalofikia nyuzijoto 1,450, na kitokacho hapo husagwa tena kikawa saruji.

"Hili ni jiwe jema," alisema mzee, "nami nyumba yangu nimeijengea saruji. Lakini kila jiwe lina desturi yake. Haya, turudi mjini tushike njia ya Pangani."

Tongoni iko kusini mwa Tanga, mwendo wa kilomita zipatazo 20. Barabara hupita baina ya minazi na mashamba, na upande wa kushoto bahari huchungulia na kujificha. Tulipofika upande wa Machui nilimwambia mwanangu kwamba maeneo haya, katika kijiji cha Vibambani, ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Akauliza kama nyumba yake nayo ilikuwa ya mawe. Mzee akacheka, akasema kwamba watu wengi wa pwani waliishi katika nyumba za miti na udongo, na jiwe lilikuwa la matajiri na la Mwenyezi Mungu.

Tulishuka, tukatembea hadi kwenye magofu. Tulilipa kiingilio, tukaingia. Yeyote anayetarajia mji mkubwa atashangaa, kwa kuwa kilichobaki ni msikiti uliokwisha kuezuka na makaburi ya mawe yanayozidi 40, chini ya kivuli cha miti, karibu na mikoko na maji. Hata hivyo, wachunguzi wa mambo ya kale wanautaja uwanja huu kuwa miongoni mwa mikusanyiko mikubwa kabisa ya makaburi ya namna hii katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mji ulistawi hasa katika karne ya 14 na ya 15. Enzi hizo mji na ghuba yake vilijulikana kwa jina la Mtangata.

Hapa ndipo historia ya dunia ilipogonga mwamba wetu. Mwezi wa Aprili 1498, meli tatu za Vasco da Gama zilikuwa zikielekea Mombasa, na moja kati yao, São Rafael, ikapanda kwenye miamba ya bahari hii, ikanasuka maji yalipojaa. Januari 1499 Mreno huyo alipita tena akirejea kutoka India. Mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa, naye hakuwa na watu wa kutosha kuziendesha meli zote. Akaichoma São Rafael katika maji haya haya. Wakati huo Waislamu wa Mtangata walikuwa na mji wao wa mawe na msikiti wao uliosimama.

Tuliwasalimia watu wa makaburini kwa salamu tuliyofundishwa, kisha tukaingia msikitini. Mzee alikwenda moja kwa moja upande wa kaskazini, kwani ndiko kibla cha pwani yetu, akauweka mkono wake juu ya ukuta.

"Tazama, katibu. Hapa pana mawe mawili. Hili gumu, lenye makongo, ni jiwe la nchi kavu. Lilikuwa mwamba wa bahari zamani, maji yakaondoka likabaki juu. Hilo hujenga mwili wa ukuta. Na hili laini, lililochongwa kingo zikanyooka, ni tumbawe la baharini. Wazee walilifuata bamvua, maji yakitoka sana. Likiwa bichi hukatika kwa shoka kama muhogo. Fundi hulichonga kabla halijakauka, kwa sababu likishashika upepo huwa gumu. Ndiyo maana utaliona penye mihrabu na penye milango, palipotakiwa uzuri."

Mwanangu akauliza, "Babu, sasa gundi yake iko wapi?"

Hilo ndilo swali mzee alilokuwa akilingojea. Alikaa juu ya gogo nje ya ukuta, akatueleza kazi ya baba yake. Magogo ya mikoko hupangwa kwa duara, safu juu ya safu, katikati pakaachwa tundu. Juu yake hulundikwa mawe ya bahari yaliyovunjwavunjwa. Moto hutiwa katikati, tanuu likawaka usiku kucha, na mji mzima ukajua kwamba leo kunachomwa chokaa. Moto ukizimika, mawe huwa mepesi na meupe. Hapo hunyunyiziwa maji, yakachemka yenyewe bila ya moto, yakafumuka na kuwa unga. Unga huo hufunikwa ukaachwa kwa miezi, wala fundi mwenye kujiheshimu hakukubali kuutumia ungali mchanga.

"Baba alikuwa akisema," mzee aliendelea, "chokaa ni jiwe lililokwenda safari, na ukilipaka ukutani hurudi kwao."

Maneno hayo ni ya kweli hata mbele ya elimu ya kemia. Moto wa tanuu hulitoa jiwe la chokaa hewa ya kaboni iliyomo ndani yake. Chokaa ikishapakwa, huivuta tena hewa hiyo polepole, mwaka baada ya mwaka, ikarejea kuwa jiwe. Kwa kuwa ina vinyweleo, ukuta wake hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka nje ukakauka. Saruji ni ngumu zaidi na huziba. Ukiipaka juu ya ukuta wa jiwe na chokaa, unyevu hukosa njia. Chumvi iliyomo katika jiwe la bahari hujikusanya nyuma ya lipu, ikaganda na kutanuka, ikaisukuma lipu hadi ibanduke. Nilikuwa nikisikiliza, na machoni mwangu nikiiona ile chumvi nyeupe ya ukuta wetu. Ukuta ule haukuwa na ugonjwa. Sisi ndio tuliouziba pumzi, na saini iliyoidhinisha kazi hiyo ilikuwa yangu.

Tulizunguka makaburini. Baadhi yake yana kuta zilizochongwa kwa umaridadi, na baadhi yalikuwa na nguzo ndefu ambazo nyingi zimekwisha kuanguka, vipande vyake vikalala ardhini. Katika mawe kuna vishimo vya mviringo, ambamo wazee walipachika mabakuli ya kaure yaliyotoka ng'ambo ya bahari, hata China. Mabakuli hayapo tena.

"Baba, nani ameyang'oa?"

"Watu, mwanangu."

"Na huyu aliyezikwa hapa ni nani?"

Nilitafuta jina, sikuliona. Kaburi lile lilikuwa refu kupita kimo changu, na bila shaka mwenyewe alikuwa na mali na heshima katika mji wake. Nikamjibu kwamba jina lake analijua Mola wake. Sote tunafahamu kwamba mafundisho ya dini yetu yanatuhadharisha tusiyapake makaburi chokaa wala kuyajengea. Sikwenda kule kuwahukumu waliotangulia, na amali zao wamekwisha kuzifikia. Lakini nilipoyatazama yale mashimo matupu, nilifahamu vizuri zaidi ya nilivyofahamu chuoni kwa nini mafundisho hayo yalikuja.

Tulirejea kwenye ukuta wa msikiti. Nilimuuliza mzee swali lililokuwa likinikera tangu tulipofika: ikiwa jiwe na chokaa ni imara kiasi hiki, mbona msikiti huu umeanguka?

Alinyamaza kidogo, akanielekeza nitazame juu ya ukuta, mahali palipomea majani na mizizi.

"Mwanangu, paa ndilo lililotangulia. Boriti zikaoza, hakuna aliyezibadili. Mvua ikaingia kwa kichwani. Chokaa hutaka mtu. Kila mwaka ipakwe, ufa ukionekana uzibwe, mti ukiota ung'olewe ungali mche. Jiwe hili halikuwa na kosa. Watu wamehama, msikiti ukakosa wa kuupaka chokaa."

Wakati huo huo adhana ya Adhuhuri ilisikika kutoka kijijini. Tongoni ya leo ni kijiji cha watu hai, wavuvi na wakulima, nao wana msikiti wao. Tulitoka magofuni tukaenda kuswali pamoja nao. Ni msikiti wa bati, mikeka yake imefagiwa, birika za udhu zimejazwa maji. Baada ya swala kijana mmoja alipanda ngazi akakaza msumari wa bati lililokuwa likipiga kelele kwa upepo. Hakuambiwa na mtu. Mzee alinigusa bega, akamwonyesha kijana yule kwa kidevu, asiseme kitu.

Njiani tukirudi niliuliza kama tungeweza kuchoma chokaa yetu kama zamani. Mzee alitikisa kichwa. Matumbawe yaliyo hai ndiyo nyumba ya samaki, na mikoko ndiyo ukingo wa pwani. Kuyavunja matumbawe leo ni kosa kisheria, na tangu mwaka 2009 sehemu kubwa ya bahari hii imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Wazee walichukua kidogo, nao walikuwa wachache. Sisi tukichukua, tutawaibia wavuvi wale wale tuliosimama nao safu moja. Chokaa inayochomwa kwa mawe ya nchi kavu inapatikana mkoani kwetu, nayo inatosha kwa kazi hii. Kinachokosekana ni mikono inayojua kuiandaa. "Nami nina miaka themanini na ushei," mzee alisema, kisha akageuka kutazama dirishani.

Alhamisi niliisoma taarifa mbele ya kamati. Nilianza kwa kukiri. Niliwaambia kwamba miaka minne iliyopita nilipitisha kazi ya saruji bila ya kumuuliza mtu yeyote anayeujua ukuta ule, na kwamba mtu huyo alikuwa akiswali safu ya kwanza kila siku. Nikasema fedha za akina mama wale zimepotea kwa ujinga wangu, na nikawaomba radhi. Kisha nikaeleza tuliyoyaona.

Mfadhili wetu alisikiliza kwa adabu. Alisema niya yake ni marumaru, na kwamba hakuwa tayari kutoa fedha kwa ajili ya ukuta wa kale. Tulimshukuru, tukaagana kwa wema. Sitaficha kwamba baadhi ya vijana walitoka kikaoni wakiwa wamekunja nyuso, na kwamba mimi mwenyewe usiku ule sikupata usingizi mapema. Mfuko wetu ulikuwa na fedha za kununulia chokaa tu, bila ya ujira wa fundi.

Kazi tumeianza hivyo hivyo. Tulitengeneza kwanza paa na mifereji ya maji, kwani tulilojifunza Tongoni ni kwamba mvua huingia kwa kichwani. Lipu ya saruji tumeibandua kwa patasi na nyundo, taratibu, tukauacha ukuta ukauke. Chokaa tumeiloweka katika pipa, nayo inangojea wakati wake. Kila Jumamosi baada ya Alasiri mzee huketi juu ya kiti mbele ya mihrabu, na vijana wanne hufanya kazi kwa maelekezo yake. Wawili kati yao ni wale waliokunja nyuso. Mwanangu huwachotea maji. Tumeafikiana pia kwamba kila mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, familia zote za mtaa zitakutana kuupaka msikiti chokaa, na watoto washike brashi pamoja na baba zao.

Ndugu msomaji, ukiwa na nafasi wakati wa likizo, ipeleke familia yako Tongoni. Nenda katika miezi ya kiangazi, chukua maji ya kunywa, mfundishe mtoto salamu ya makaburini kabla hamjafika. Msipande juu ya makaburi, wala msiokote kigae hata kiwe kidogo vipi, kwa maana mashimo yale matupu yalianza kwa mkono mmoja uliodhani kwamba kitu kimoja hakitaonekana.

Nanyi wanakamati wenzangu wenye misikiti ya jiwe na chokaa, kuanzia Pangani hadi Moa, kabla hamjamwita fundi wa saruji, mtafuteni mzee aliyewahi kuiona chokaa ikipikwa. Huenda yumo ndani ya msikiti wenu. Mwekeni kiti, mwiteni na kijana mmoja akae pembeni yake.

Tunamwomba Allah (SW) awarehemu waliotujengea, aitakabali kazi ya wanaoitunza, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoiimarisha misikiti Yake kwa ibada na kwa mikono. Amin.